Nguo Zisizohitaji Mwili

Mwaka 733 alifariki mjini Nara, Japani, Bibi Tachibana no Michiyo, mama mzazi wa Malkia Komyo. Malkia aliagiza lijengwe jumba jipya katika hekalu la Kofukuji, liwe tayari kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha mama yake. Ndani yake zilipaswa kupangwa sanamu za Buddha, za wanafunzi wake kumi na za walinzi wanane wa dini. Nyaraka za ujenzi zimehifadhi jina la fundi wa sanamu, Shogun Manpuku, na la mpaka rangi wake, Hata no Ushikai. Milima ya Japani ilijaa miti mizuri ya kuchonga, na mafundi wa Nara walijua kuyeyusha shaba. Manpuku alichukua nguo.

Alianza na udongo. Juu ya mifupa ya mbao alifinyanga umbo zima la sanamu, kimo na mkao wake. Kisha akalivisha vipande vya kitambaa cha nyuzi za mbangi vilivyoloweshwa katika utomvu wa mti wa urushi uliokorogwa na unga wa ngano. Tabaka moja likikakamaa, lilifuata jingine. Gamba lilipokuwa nene kiasi cha kujisimamia, alipasua mgongo wa sanamu, akachokoa udongo wote mpaka pakawa patupu, akaingiza fremu nyepesi ya mbao ili gamba lisijikunje, akaushona ule ufa. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya uso. Kwa urushi uliochanganywa na unga wa mbao alifinyanga kope, midomo na ncha za vidole, taratibu, kitambaa kikafichika chini ya ngozi mpya. Rangi na dhahabu vilikuja mwisho.

Sanamu inayojulikana kuliko zote katika kundi hilo ni Ashura. Ana nyuso tatu na mikono sita, kimo chake ni sentimita 153, na uzito wake ni takriban kilo 15, yaani mtu mzima mmoja anaweza kumbeba. Katika hadithi za India alikotoka, Ashura ni mpiganaji asiyeshiba vita. Manpuku alimfanya kijana mwembamba, nyusi zimekutana kidogo, macho yanatazama mbali. Mikono ile sita ni myembamba kiasi kwamba jiwe lisingeiruhusu. Kitambaa kiliiruhusu.

Wepesi huo ndio uliomwokoa. Majira ya baridi ya mwaka 1180, katika vita vya koo zilizogombea Japani, jeshi la Taira no Shigehira liliitia moto Nara. Hekalu la Kofukuji liliteketea. Jirani yake, katika hekalu la Todaiji, alikaa Buddha Mkuu wa shaba, fahari ya dola nzima, mrefu wa mita 15 hivi. Moto ulipofika, sanamu ile isingeweza kupelekwa popote. Kichwa chake kilianguka, nayo mikono ikavunjika, na ilimbidi mtawa Chogen azunguke nchi nzima akikusanya sadaka za kumfanya upya. Wakati huohuo watu walikuwa wanatoka mbio Kofukuji wakiwa wamekumbatia sanamu za nguo. Hawakuziokoa zote: Buddha aliyeketi katikati ya jumba hakubaki, na kati ya wanafunzi kumi wapo sita tu. Lakini Ashura alitoka salama, na alivuka pia moto mwingine mkubwa wa mwaka 1717. Mwaka 2009 alipopelekwa Tokyo kwa maonyesho, watu zaidi ya 900,000 walipanga foleni kumwona.

Nimeanza na Nara kwa sababu kuna dharau ya zamani ninayotaka kuipinga. Vitabu vingi vya sanaa huanza na jiwe, vikaendelea na shaba, kisha mbao, na sanamu za kitambaa kilichokakamazwa huwekwa mwishoni pamoja na mapambo ya nyumbani na kazi za kupitisha wakati. Historia yenyewe haikubaliani na mpangilio huo. Katika Misri, China, Japani na Poland, mafundi waliokuwa na uwezo wa kutumia chochote walichagua nguo pale walipotaka kubakisha umbo la mtu aliyeondoka. Nguo imekaa juu ya mwili maisha yote, inajua bega linavyoanguka. Ikikutana na kitu cha kuikakamaza, hukaa na umbo hilo hata mwili ukishatoka. Na kila mara umri wa sanamu umeamuliwa na kile kilichotiwa ndani ya nguo.

Urushi unastahili kusimama peke yake kidogo. Mti wake ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Mkulima wa Mtwara anayejua mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua vidole anaweza kuelewa mara moja kwa nini mafundi wa Japani walihofu utomvu huo: mbichi huwasha na kuvimbisha ngozi. Mti hungojwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuchanjwa, kisha msimu mzima hutoa takriban gramu 200 tu. Na tabia yake ni ya ajabu. Haukauki kwa jua wala kwa upepo. Unataka joto la wastani na hewa yenye unyevu mwingi, ili kimeng'enya kilichomo ndani yake kikaufunge na hewa kuwa kitu kimoja kigumu kisichoyeyuka tena kwa maji, wala kwa pombe, wala kwa asidi nyingi. Fundi wa Nara, kwa hiyo, aliviweka vitambaa vyake katika chumba chenye unyevu ili vikakamae. Gharama yake ilikuwa ya kutisha. Kabla karne ya nane haijakwisha, mafundi walianza kuchonga kiini cha mbao na kukipaka urushi juu tu, na karne iliyofuata mbao zikatawala kabisa.

Wamisri walikuwa wametangulia kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Tangu zama za misukosuko baada ya kuanguka kwa Ufalme wa Kale, walikuwa wakigandisha matabaka ya kitani kwa gundi na jasi ili kupata vinyago vya kuwafunika maiti nyuso. Kufikia karne ya tisa kabla ya Kristo, mafundi wa Thebes walikuwa wanatengeneza gamba la mwili mzima kwa njia ambayo Manpuku angeitambua bila kuelezwa: kiini cha tope na majani makavu chenye umbo la maiti aliyefungwa sanda, matabaka ya kitani na gundi juu yake, kisha upenyo wa mgongoni. Gamba lilipokuwa bado na unyevu kidogo, tope lilitolewa, maiti akaingizwa, mgongo ukafungwa kwa kamba kama viatu vinavyofungwa. Jasi nyeupe ikapakwa nje, na juu yake zikachorwa rangi ambazo mpaka leo zinang'aa.

Ndani ya gamba la namna hiyo, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, amelala Nesperennub, kuhani wa hekalu la Karnak aliyeishi takriban mwaka 800 kabla ya Kristo. Gamba halifunguki bila kulivunja, hivyo hakuna aliyemwona vizuri tangu siku alipozikwa, mpaka wataalamu walipomwingiza katika mashine ya CT. Wakakuta kitu kisichotarajiwa nyuma ya kichwa chake: bakuli la udongo. Waliomhifadhi walikuwa wakimmiminia utomvu wa dawa, wakaliweka bakuli hapo lidake unaodondoka, na inaonekana utomvu uliganda kabla hawajaliondoa. Fuvu lina alama za jaribio la kulibandua. Waliposhindwa, walimfunga nalo, na kwa karibu miaka 3,000 hakuna ndugu wala mkuu wa makuhani aliyejua. Kila aliyefanya kazi na kitu kinachoganda anaijua hofu ya dakika ile.

Nchini China ufundi wa urushi na kitambaa ulipata nguvu pamoja na dini ya Buddha. Siku za sikukuu sanamu zilitembezwa barabarani, na anayebeba sanamu begani anapenda iwe nyepesi. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi ya hilo. Miili ya watawa wakuu, badala ya kuzikwa, wakati mwingine iliachwa ikae katika mkao wa kutafakari, ikapakwa urushi. Mwili wa Huineng, aliyefariki mwaka 713, uko mpaka leo katika hekalu la Nanhua, mkoani Guangdong. Kati ya sanamu na mwili wa mtu palikuwa na tabaka jembamba sana.

Kutoka huko alikuja Ganjin. Alizaliwa Yangzhou mwaka 688, akawa bingwa wa kanuni za utawa. Mwaka 742 watawa wawili wa Japani walimwomba mtu wa kwenda kufundisha kwao. Wanafunzi wake walinyamaza, wakiogopa bahari. Yeye akasema atakwenda. Alijaribu mara tano, akazuiliwa na serikali, akasalitiwa, akapigwa na dhoruba, safari moja ikamtupa mpaka kisiwa cha Hainan kusini kabisa. Katika miaka hiyo alipoteza macho. Mara ya sita, mwishoni mwa mwaka 753, alifika Japani akiwa kipofu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mwaka 759 alianzisha hekalu la Toshodaiji mjini Nara.

Majira ya kuchipua ya mwaka 763 mwanafunzi wake Ninki aliota boriti ya ukumbi wa mafundisho ikivunjika. Aliamka akijua mwalimu wake anaondoka. Badala ya kukaa na huzuni, aliwakusanya wenzake wakatengeneza sanamu ya mwalimu angali hai, kwa kitambaa na urushi. Ganjin alifariki mwaka huohuo. Sanamu ina kimo cha sentimita 80, ameketi, mikono imepakatana, macho yamefumbwa. Hakuna aliyejaribu kumfanya kijana wala kumpa macho aliyoyapoteza. Mashavu yamelegea kidogo, kope zimetulia, na vazi limemkalia mabegani jinsi vazi la mzee linavyokaa. Huhesabiwa kuwa sanamu ya kale zaidi ya mtu halisi iliyobaki Japani. Siku nyingi za mwaka milango yake hufungwa. Hufunguliwa kwa siku chache tu mwezi wa Juni, karibu na kumbukumbu ya kifo chake. Mwaka 1980 ilivushwa bahari kwenda kuonyeshwa Yangzhou, na Ganjin akarudi kwao.

Watu wa pwani yetu wana kazi ndogo iliyo ndugu wa kazi hizo. Lamu na Unguja, kofia ya viua ikishafuliwa hutiwa wanga, huvishwa kwenye kitu cha mviringo cha kimo chake na kuachwa ikauke, kisha husimama yenyewe kana kwamba kichwa kimo ndani. Wanga ni kitu cha kale cha kukakamaza nguo, tena rahisi. Udhaifu wake ni maji: mvua moja, na kofia imelala. Hatua nyingi za historia hii ni jitihada ya kupata kitu kinachofanya kazi ya wanga bila kuogopa mvua.

Ulaya ilichelewa na ilikuwa na haya. Wachoraji wa Italia wa karne ya 15 walilowesha nguo katika udongo laini, wakazitandaza juu ya vinyago ili wachore mikunjo isiyotikisika. Giorgio Vasari anaeleza kwamba Leonardo da Vinci alijifunza hivyo. Kwao nguo iliyokakamaa ilikuwa kielelezo cha chumbani, haikuwa kazi ya kuonyeshwa. Donatello alikwenda mbali zaidi. Katika sanamu yake ya Judith na Holofernes mjini Florence, alivisha umbo vitambaa halisi vilivyochovywa katika nta, kisha akavigeuza shaba kwa kuyeyusha. Alama za ufumaji bado zinaonekana kwenye shaba. Huko Hispania, na baadaye katika makoloni yake ya Amerika Kusini, mafundi wa sanamu za maandamano ya kanisa walitumia kitani na gundi ya ngozi kwa majoho ya watakatifu, kwa sababu ileile ya Wachina: mabega ya wabebaji.

Mapinduzi yaliyofuata yalitoka hospitali. Katika miaka ya 1830 daktari Mbelgiji, Louis Seutin, alifunga mifupa iliyovunjika kwa bandeji zilizotiwa wanga. Zilifaa, ila zilichukua siku kukauka. Mwaka 1852 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alitangaza njia yake: kitambaa cha pamba kilichosuguliwa unga mkavu wa jasi, kikachovywa majini pale kinapohitajika, kikawa kigumu kwa dakika chache. Kwa zaidi ya miaka mia moja bandeji hiyo ilifunga miguu na mikono duniani kote.

Kisha, mwaka 1961, ikafika New Jersey, Marekani, mikononi mwa George Segal, aliyewahi kufuga kuku na sasa alikuwa akifundisha sanaa. Mume wa mwanafunzi wake mmoja alifanya kazi katika kampuni ya Johnson & Johnson, na bandeji za jasi zikaletwa darasani. Segal aliketi kitini, akamwomba mkewe, Helen, amfunge mwili mzima. Jasi hutoa joto inapoganda na hung'ang'ania nywele, kwa hiyo kujinasua hakukuwa kwa raha. Aliunganisha vipande, akakiweka kile kivuli cheupe mbele ya meza halisi, akakiita Mtu Aketiye Mezani. Kwa miaka kumi hivi alionyesha sura ya nje ya bandeji, na nyuzi zake na uvimbe wake, kabla ya kuanza kutumia gamba kama kalibu. Naipenda ile miaka ya kwanza kuliko iliyofuata. Watu wake wameketi kwenye basi, kaunta ya mgahawa, ukingo wa kitanda, wazito kwa uchovu wa siku, na ukikaribia unaona ni vitambaa tu.

Wakati huo viwanda vilikuwa vimeleta vitu vipya. Mjerumani Fritz Klatte alikuwa amegundua mwaka 1912 kemikali ambayo kwayo tunapata gundi nyeupe ya mbao, ile ya kimaziwa iliyo katika kila duka la vifaa. Vimiminika vingi vinavyouzwa leo kwa wanaotengeneza sanamu za nguo hufanana nayo kwa asili na tabia. Huchovywa pamba, kitani au gunia, kwa kuwa nyuzi za asili hunywa vizuri kuliko za viwandani, kisha nguo hupangwa juu ya waya na kuachwa. Zilikuja pia rezini ngumu na mpira wa maji. Eva Hesse, mjini New York, aliuamini mpira. Mwaka 1969 alitengeneza Expanded Expansion: mapazia ya kitambaa chepesi cha pamba yaliyopakwa mpira, yakining'inia kati ya nguzo za nyuzi za kioo zilizoegeshwa ukutani. Mwaka uliofuata alifariki akiwa na miaka 34. Mpira ukaanza kubadilika, ukawa wa kahawia, ukakauka hata ukawa wa kuvunjika. Jumba la Guggenheim liliionyesha mwaka 1988 kisha likaihifadhi ghalani, na ilibidi wahifadhi waishughulikie kwa makini mengi ndipo ionekane tena mwaka 2022. Inaniuma kila nikiifikiria kazi hiyo, kwa maana mkono wa msanii haukukosea popote.

Magdalena Abakanowicz, msanii wa Poland, alikuwa na shule nyingine. Alizaliwa mwaka 1930 karibu na Warsaw, katika nyumba ya wenye ardhi. Wakati wa vita askari walevi wa Kijerumani waliingia nyumbani kwao, wakampiga risasi mama yake mbele ya binti. Mkono ukakatika begani. Alipokuwa na miaka 14 alisaidia hospitalini, akaona miili ya kila namna. Baada ya vita aliishi katika chumba kimoja mjini Warsaw, bila mahali pa kufanyia kazi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kushika nyuzi: kitambaa hukunjwa na kusukumwa chini ya kitanda. Alikusanya kamba kuukuu za bandarini, akazifumua, akaziosha, akazitia rangi. Nyingi zilikuwa za mkonge, zao ambalo Tanganyika ya miaka ileile iliongoza duniani kulizalisha. Kwa nyuzi hizo alifuma vitu vikubwa vya kuning'inia, mita kadhaa kwenda juu, vikaitwa Abakan kwa jina lake. Mwaka 1965 kazi zake za kufuma zilikuwa zimempatia nishani ya dhahabu huko São Paulo.

Lakini Abakan zililegea. Alitaka nyuzi zisimame. Katika miaka ya 1970 aliacha kufuma, akachukua gunia. Alitengeneza kalibu ya jasi kutokana na mwili wa mtu hai, akashindilia ndani yake matabaka ya gunia lililoloweshwa gundi na rezini, akaling'oa lilipokauka. Kati ya mwaka 1976 na 1980 alipata migongo 80. Hakuna kichwa, hakuna miguu, mbele ni shimo tupu. Kila mgongo umeinama ukiwa umeketi chini, safu kwa safu, yote ikitazama upande mmoja. Ilitoka katika kalibu moja, ila hakuna miwili inayolingana, kwa kuwa gunia hujikunja litakavyo, uzi huchomoza hapa, tabaka hukunjamana pale. Rezini imekishika kila kikunjo. Kama angetumia shaba peke yake, tofauti hizo angelazimika kuzibuni. Gunia lilimpa bila kuombwa.

Mwaka 1980 alikabidhiwa banda la Poland kwenye maonyesho ya Venice. Watu waliosimama mbele ya migongo yake walimuuliza: hii ni kambi ya mauaji ya Auschwitz? Ni ibada ya Peru? Ni ngoma ya Bali? Alieleza baadaye kwamba wote angeweza kuwajibu ndiyo. Jibu hilo halikuwa la kukwepa. Gamba la mtu lisilo na uso linapokea kila aliyekosekana, na watazamaji kila mmoja alikuja na wake.

Baada ya hapo wenye bustani walimtaka, na bustani ina mvua. Kwa shamba la sanaa la Celle, karibu na Pistoia, Italia, mwaka 1985 alisimamisha Katarsis, maumbo 33 ya shaba yaliyo marefu kuliko mtu. Ndiyo Toscana ya Donatello, na kama ilivyokuwa kwake, ukali wa nyuzi ulipita ukaingia katika madini. Wengi walidhani amefika alikokuwa akienda, kwamba gunia lilikuwa daraja la kumfikisha kwenye shaba. Mwaka 1986 alirudi Warsaw kwenye magunia na rezini yake, akaanza kuutengeneza Umati wake wa kwanza, watu 50 waliosimama wima. Alipoumaliza mwaka 1987, wote 50 walikuwa wepesi wa kubebeka, hakuna hata mmoja mwenye kichwa.